Sura ya Tisa: Pole ya Saa Moja na Nusu

Inspekta Nagumo Shizue alivua viatu, akapiga magoti katikati ya daraja takatifu la Minasawa, akapitisha kidole kwenye ufa kati ya mbao mbili za sakafu. Kisha akakilamba.

"Chumvi," alisema.

Sajini Obata alikuwa amesimama nje ya mnyororo uliozuia njia ya darajani, tonge la wali lililoviringishwa kwa mwani mkononi, shavu moja limejaa. "Afande, watu wanatuangalia. Watalii wawili wameshakupiga picha."

"Waache wapige. Njoo uonje."

"Nimeshakula."

"Obata."

Obata alimeza, akavua viatu, akainama kwa mnyororo akiomba radhi kwa sauti ya chini. Hakuwa Nagumo aliyekuwa anaombwa radhi, bali mungu wa daraja. Alipofika alionja kidole chake kwa ncha ya ulimi, kama mtoto anayelazimishwa dawa.

"Chumvi kweli," alikubali.

Ilikuwa saa saba mchana, Jumanne. Saa kumi kamili jioni, Bi Hatsuno, mlinzi wa daraja kwa miaka ishirini na saba, angepakiwa kwenye gari na kupelekwa kwa mwendesha mashtaka pamoja na jalada lake. Sheria iliwapa polisi saa arobaini na nane tangu kumkamata, na saa hizo zilikuwa zinakwisha. Jalada likishavuka mlima, Nagumo hana lake tena. Mkuu wa kituo, Bwana Mamiya, alikuwa ameshaandika taarifa ya kusoma mbele ya kamera, na asubuhi ile alikwenda kunyoa.

Jalada lenyewe, kwa kulisoma haraka, lilikuwa zuri. Jumapili, saa tano na dakika ishirini asubuhi, wavuvi waliuona mwili wa Kuzumi Heisuke umenasa kwenye miamba chini ya korongo, kichwa kimepasuka. Heisuke na kaka yake Teizo ndio mafundi waliolipaka daraja upya kwa laka, ile rangi ya utomvu wa mti, kwa miaka miwili mizima. Asubuhi ileile, saa tatu, watu mia tatu walikuwa wamelivuka kwa mara ya kwanza tangu lifungwe. Katika kibanda cha Bi Hatsuno kulikutwa ndoo na kitambaa chenye damu, na damu ilikuwa ya Heisuke. Ufunguo wa mnyororo ulikuwa wake peke yake. Jumamosi mchana watu walimsikia akimfokea marehemu kwa kuvuta sigara juu ya daraja. Alipoulizwa kuhusu damu, bibi wa miaka sitini na nane alifunga mdomo, na hajaufungua mpaka leo.

"Mtu aliyeua," Nagumo alisema, bado amepiga magoti, "akitaka kuficha damu anaoshea nini?"

"Sabuni. Dawa ya kusafishia vyoo. Mke wangu anasema maji baridi."

"Na chumvi tunamwagia lini?"

Obata aliacha kutafuna. Hakuna nyumba katika bonde lile ambako mtu aliyetoka mazikoni huingia ndani kabla hajanyunyiziwa chumvi mlangoni.

"Ukitoka kwenye maiti," alisema. "Kuondoa najisi."

"Basi Bi Hatsuno hakuwa anatuficha sisi. Alifika alfajiri kufagia kwa ajili ya sherehe, akakuta damu kwenye mbao. Ya nani, hajui. Akaiosha, akamwaga chumvi, akaosha tena. Alikuwa anamsafishia mungu daraja lake."

"Sasa kwa nini asiseme hivyo? Angekuwa nyumbani anakunywa chai."

"Akisema, nini kinatokea?"

Obata alifikiri. Nagumo aliona lile wazo linavyomwingia, maana uso wa Obata haujui kuficha kitu, na ndiyo sababu hajawahi kupewa mtuhumiwa mgumu. "Uvukaji wote unaharibika," alisema polepole. "Watu mia tatu wamepita juu ya damu ya mtu, wakaingia nayo hekaluni. Mama yangu alivuka. Nami nilivuka, nimembeba binti yangu mgongoni, ana miezi saba." Alilitazama tonge lake, akalikunja kwenye karatasi na kulitia mfukoni.

"Bibi ameona heri afungwe yeye," Nagumo alisema. Jambo lile lilimkasirisha na kumfanya amheshimu bibi kwa pamoja. "Lakini chumvi si ushahidi. Mamiya ataniuliza kama nataka na pilipili. Namtaka aliyemwaga damu. Nani mwingine alikuwa na njia ya kufika hapa Jumamosi usiku?"

"Mnyororo ni wa kuzuia watalii tu, afande. Mwenye nia anainama anapita, kama mimi sasa hivi. Mafundi wote wanane tumewahoji, na wote walikuwa wanakunywa pamoja mpaka saa sita. Ila Fundi Teizo, alilala mapema ili aamke safi kwa sherehe." Alicheka kidogo. "Maskini, na hakuvuka."

"Nani hakuvuka?"

"Fundi Teizo. Aliteguka mguu. Alisimama nje ya lango la torii, lile la kuingilia eneo takatifu, upande wa kwake, akampa msimamizi wake fimbo aongoze. Lakini imo kwenye maelezo, afande."

"Imeandikwa 'alihudhuria sherehe'."

"Si alihudhuria?"

Nagumo alisimama, akakung'uta magoti. Tangu enzi za babu yake Teizo, kila laka inapomalizwa, fundi mkuu wa nyumba ya Kuzumi ndiye huweka mguu wa kwanza. Hutokea mara moja katika maisha ya mtu, mara mbili akijaliwa umri. Teizo alikuwa na miaka sitini na mmoja.

"Wewe ndiye uliyempelekea habari ya msiba," alisema. "Nyumba yake iko juu ya ngazi themanini na mbili. Alishukaje?"

Obata alikuna shingo. "Alikimbia. Nilimfikia mtoni, nikiwa hoi." Kisha, kwa haraka: "Lakini mtu akisikia nduguye kafa, maumivu hayasikii."

"Inawezekana. Nani alimvalisha Jumapili asubuhi?"

"Bi Sueno. Ndiye huwavalisha mafundi wote zile suruali pana za sherehe, na soksi."

"Umemhoji?"

"Mshona nguo, afande?"

"Vaa viatu," alisema Nagumo.

* * *

Bi Sueno alikuwa na miaka sabini na minne, pini tatu mdomoni, na duka dogo chini ya barabara ambako alishonea kimono za nusu ya wilaya. Alimtazama Obata tumboni kabla ya kumtazama usoni.

"Huyu nilimshonea ya harusi," alimwambia Nagumo. "Siku hizi kitambaa kile kingetosha mguu mmoja."

"Shikamoo, bibi," Obata alisema kwa unyonge.

"Marahaba. Kaa kwenye sanduku, kiti kitavunjika."

Nagumo alikaa kwenye mkeka. "Bibi, Jumapili ulimvalisha Fundi Teizo."

"Wa kwanza kabisa. Saa moja na nusu nilikuwa kwake. Taarifa ya habari ya redio ilikuwa inaanza."

"Soksi ulimfunga wewe?"

"Zile zenye vifungo nyuma? Hakuna mwanamume anayeziweza. Mguu wa kushoto, mguu wa kulia, mimi."

"Kifundo kilikuwa kimevimba? Kina bandeji?"

Bi Sueno alitoa pini mdomoni. "Mguu mzima kama wako. Nilishangaa baadaye niliposikia ameteguka. Nikasema labda kwenye ngazi, akiwa anashuka. Lakini sikuwa na la kuuliza siku ile. Mtu ana msiba, unamwongelesha miguu?"

Penseli ya Obata ilisimama.

"Msiba ulikuja mchana, bibi," Nagumo alisema taratibu. "Wewe unazungumzia asubuhi."

"Hiyo hiyo asubuhi. Niliingia chumba cha nyuma, nikaona karatasi nyeupe imebandikwa juu ya rafu ya mungu wa nyumbani, kama ifanywavyo nyumba ikifiwa. Sasa ukiona karatasi ile, unaanza kuuliza nani kafa? Huna adabu? Nilipiga magoti, nikampa pole ya msiba, nikafungua mfuko wangu wa mikanda."

"Yeye alijibu nini?"

"Aliinama. Akasema, asante bibi, imekuja ghafla."

Cherehani ya msaidizi chumba cha pili iliendelea kulia. Nagumo hakuiandika sentensi ile. Alimwomba bibi airudie, na bibi akairudia vilevile, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu asiyependa kurudiarudia.

"Hukushangaa?"

"Mchana nilipoambiwa Heisuke ameokotwa mtoni, nikasema kumbe ndiye. Nikajua walikuwa wameshapata habari usiku, wakanyamaza ili sherehe ya watu isivunjike. Nikamwona mwanamume wa maana. Mwenye msiba asivuke, asiingie hekaluni siku hamsini, lakini wengine waachwe na furaha yao." Alimtazama Nagumo, kisha Obata, kisha tena Nagumo. Bi Sueno alikuwa mzee, mjinga hakuwa. "Walipata habari saa ngapi, mwanangu?"

"Wavuvi walimwona saa tano na dakika ishirini."

Bibi alizichoma pini zake kwenye kimto cha pini, moja baada ya nyingine.

"Hana mwingine wa kumfia?" Nagumo aliuliza. "Shangazi? Ndugu za mke?"

"Mke alikufa mwaka wa tisa huu, na alikuwa yatima. Watoto hawakupata." Sauti ya Bi Sueno ilikuwa imepungua. "Heisuke ndiye aliyekuwa watu wake wote."

* * *

Saa tisa na dakika kumi, Obata alimshusha Fundi Teizo ngazi themanini na mbili na kumleta hadi kwenye lango la torii. Nagumo alikuwa upande wa pili wa lango, mgongo wake kwenye daraja. Teizo alikuwa mwembamba, amenyooka, mikono yake imeingia weusi wa laka ambao hautoki tena. Alisimama hatua moja kamili kabla ya lango, wala hakuhitaji kuangalia chini kujua hatua hiyo iko wapi.

"Karibu upite, fundi," alisema Nagumo. "Nataka unionyeshe kitu darajani."

"Samahani, Inspekta. Nina matanga. Utanionyesha ukiwa hapohapo."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

"Jumapili saa ngapi?"

"Muulize sajini wako. Ndiye aliyeniletea habari, mchana."

"Na saa tatu asubuhi, uliposhindwa kuvuka?"

"Mguu."

"Bi Sueno alizifunga soksi zako saa moja na nusu. Anasema ulikuwa mzima."

"Niliteguka baada ya hapo."

"Alikupa pole, ukamshukuru."

"Alinipa pole ya kazi. Miaka miwili ya kazi. Watu wote walikuwa wananipa pole wiki ile."

"Ukamjibu imekuja ghafla? Kazi ya miaka miwili?"

"Bibi yule ana miaka sabini na minne, Inspekta. Anasikia anachotaka."

"Na karatasi nyeupe?"

"Niliibandika mchana, baada ya kuletewa habari. Amechanganya siku."

Alisema bila kuinua sauti, na Nagumo alitambua kwamba mbele ya hakimu yangesikika vizuri. Neno la fundi anayeheshimiwa dhidi ya neno la bibi mmoja, na mwandishi wa jalada ni Mamiya. Nyuma ya Teizo, Obata alitazama saa yake bila kujificha. Tisa na dakika ishirini. Kituoni walikuwa wanampa Bi Hatsuno viatu vyake.

Nagumo alifunga daftari.

"Basi tumemaliza. Nisamehe kwa kukusumbua kwenye msiba. Kilichobaki ni hati ya kusaini, kwamba unakubaliana na maelezo ya kituo. Bi Hatsuno alimuua mdogo wako juu ya daraja, Jumamosi usiku. Tutalisoma kwenye taarifa leo jioni, na kuhani atalazimika kulifunga daraja. Damu ilikuwa sakafuni."

"Damu gani?"

"Ya Heisuke. Mbao kumi na nne. Bi Hatsuno aliziosha kabla watu hawajavuka."

"Si kweli," alisema Teizo.

"Ipo kwenye kitambaa. Na katika nyufa kuna chumvi, nimeionja kwa ulimi wangu."

"Si kweli. Darajani hapakuwa na damu." Shingo yake ilikuwa imesimama mishipa. Miaka kumi ambayo Nagumo alimfahamu, hakuwahi kumsikia akipaza sauti, hata kwa wanafunzi wake. "Mimi niipake nyumba ya mungu miaka miwili, halafu nimwage damu juu yake? Baba yangu alilipaka daraja hili. Babu yangu alilipaka. Nilimshusha chini kabisa, kwenye mawe, upande wa hekalu, mbali na nguzo. Tone moja halikugusa..."

Maji yalisikika chini.

Obata, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alikuwa ameandika kila neno.

"Endelea, fundi," Nagumo alisema. "Mlikwenda kufanya nini kwenye mawe?"

Teizo alijibu akiitazama mikono yake. Laka hukauka kwa unyevu, na Septemba nzima ilikuwa kavu. Tarehe ya kuvuka ilikuwa imetangazwa. Kwenye ukingo wa chini wa matusi, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika, aliruka mpako mmoja kati ya kumi na mmoja. Heisuke aligundua kwa kidole. Jumamosi saa mbili usiku alimwambia kaka yake kwamba asubuhi, kabla ya kuvuka, angemwambia kuhani, na watu warudi makwao wasubiri hadi masika.

"Nikamwambia ashuke nami, anionyeshe kutoka chini. Alishika taa. Alikuwa ameinua mkono anaonyesha palepale penyewe." Alivuta pumzi. "Nilikuwa na nyundo ya mbao. Mara moja tu. Alianguka ukingoni mwa maji, hakutikisika. Nilidhani mto utampeleka mbali, kabla ya alfajiri. Nilirudi kwa daraja la chini, la magari. Nikabandika karatasi."

"Karatasi hubandikwa na mtu wa nje, asiye wa familia."

"Ningemwita nani?"

Nagumo alimfanyia Obata ishara ya kichwa. Sajini alisogea pembeni na simu, na hata kwa umbali ule sauti ya Mamiya ilitoka humo ikiwa kali, kisha ikashuka, kisha ikawa inauliza maswali. "Ndiyo, mkuu," Obata alikuwa anasema. "Kwa mdomo wake. Nimeandika. Hapana, asipande gari. Mrudishieni mkoba wake, na mmwambie..." Alimtazama Nagumo.

"Mwambie anaweza kunyamaza akitaka," alisema Nagumo. "Lakini anyamazie nyumbani kwake."

Obata aliwasilisha, akasikiliza tena kwa muda mrefu, akakata simu. Aliporudi hakuwa na furaha ambayo Nagumo aliitarajia.

"Bibi anatoka sasa hivi, afande. Na ripoti ya daktari imefika."

Teizo hakuwa anawasikiliza. "Ile damu," alisema. "Uliisema kunitega. Nimekubali, sasa niambie ukweli. Haikuwapo."

"Ilikuwapo," alisema Nagumo.

"Nilimwacha chini."

Nagumo alimgeukia Obata. Sajini alisita, akalifungua daftari lake, akasoma kwa sauti ya kazi, bila kuinua macho.

"Hakufa kwa pigo. Mapafu yamejaa maji. Alizama, inakadiriwa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Kidonda cha kichwa kilikuwa kimeanza kuvimba na kuganda, kwa hiyo aliishi saa nane au zaidi baada ya kupigwa. Kucha zimevunjika. Magoti yote mawili yamechubuka, yana mchanga na vibanzi vya mbao."

Teizo alisikiliza hadi mwisho. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu, labda saa.

"Alipanda," alisema.

"Alipanda, kwa magoti," alisema Nagumo. Alisema moja kwa moja, kwa sababu hakuona njia ya kulisema jambo hili kwa upole. "Chumvi inaanza kwenye ubao wa kwanza wa upande wa hekalu, inakuja huku, inakoma katikati. Hapo ndipo alipojishika kwenye matusi ili asimame, akapinduka."

"Alikuwa anakwenda kwa Hatsuno. Kuomba msaada."

"Kibanda cha Hatsuno kiko upande ule, fundi. Alikipita. Nyumba ya kuhani iko upande ule, nayo akaipita. Huku alikokuwa anaelekea kuna nyumba moja tu."

Obata alitoa pingu, kisha akabaki amezishika, maana mtu wake alikuwa amechuchumaa nje ya lango, mikono miwili nyeusi juu ya magoti.

"Tangu mdogo," Teizo alisema. "Akianguka, akijikata, hakuwa anakwenda kwa mama. Alikuwa anakuja kwangu."